UZI: Siku sita barabarani na mzee wangu Marekani. Nipeni njia ya historia ambayo hajawahi kuifundisha

Mwembetanga_NJ (mleta mada)

Wakuu, salaam. Mzee wangu anatua Newark mwezi wa tisa, safari yake ya kwanza huku. Amesomesha historia sekondari Unguja miaka thelathini na ushee, na tangu apate viza hanipigii tena kuniuliza hali. Anauliza tutaanzia wapi.

Nina likizo ya siku sita, gari la kukodi na mfuko wa mtu anayelipa kodi ya nyumba New Jersey. Mpango wangu wa mwanzo ulikuwa Philadelphia kwenye Ukumbi wa Uhuru, kisha Gettysburg palipopiganwa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Washington, Williamsburg, tugeuze. Nikampelekea. Akanirudishia ujumbe wa sauti wa sekunde nane: "Hayo yote nimeshawaandikia watoto ubaoni. Nipeleke nisikokujua."

Goti lake la kushoto halimpi raha. Nusu saa ya kutembea, lazima akae. Naomba mawazo, matusi baadaye.

DerevaWaUsiku

Mkuu, mzee akifika Marekani bila kupiga picha mbele ya Ikulu yao, huko nyumbani atawaambia nini watu? Mpeleke Washington. Lile jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi lililofunguliwa 2016 peke yake linakula siku nzima, na kuingia ni bure. Siku mbili hapo, moja Gettysburg, basi. Mimi naendesha lori majimbo arobaini na kitu, nawaambia: watu wanapanga safari za siku sita kama za mwezi, mwisho wanaona vituo vya mafuta tu.

Bi_Sandarusi

Dereva nakuheshimu, lakini mzee kasema asikokujua.

Mwembetanga, baba yako anatoka Unguja na wewe unataka kumpeleka Gettysburg? Geuza usukani kaskazini. Nenda Massachusetts na Connecticut mfuate *merikani*. Ndiyo, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho bibi zetu walikiita hivyo, na wengine wakisema amerikani. Jina limebaki kwenye ulimi, ila wangapi tumewahi kujiuliza kilifumwa mji gani?

Kabla Mwingereza hajaweka balozi mdogo Unguja, Mmarekani alishapiga hodi. Edmund Roberts, mfanyabiashara wa Portsmouth, New Hampshire, aliwekeana mkataba na Sayyid Said Septemba 1833. Mwaka 1837 akafika balozi mdogo wa kwanza, Richard Waters, mtu wa Salem, Massachusetts. Wa Uingereza alikuja 1841. Waters alikuwa balozi na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na mambo yake yalinyooka kwa sababu alielewana na Jairam Shivji, aliyekuwa ameshika forodha ya Unguja. Meli za Salem zilileta nguo, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mkavu wa miti), ngozi na karafuu. Sandarusi iliyochimbwa Mrima ilikwenda kusafishwa Salem kabla ya kugeuzwa vanishi ya fanicha za watu.

Sasa ifuate nguo kinyumenyume. Pamba ililimwa na watumwa kusini mwa Marekani. Ikapanda meli hadi Massachusetts, ikasokotwa na kufumwa. Kitambaa kikapakiwa Salem, kikazunguka Afrika hadi Unguja, kikabebwa vichwani na wapagazi hadi Tabora na Ujiji. Huko kikalipia pembe na, tusifichane, kikalipia watu pia. Pembe ikarudi Connecticut ikawa funguo za piano. Vituo vyote hivyo vya kaskazini mwa Marekani viko ndani ya mwendo wa siku moja kwa gari. Mwambie mzee kwamba hilo halimo kwenye muhtasari wa kidato cha tatu.

Kibuyu_cha_Likoni

Sisi Mombasa twasema marikani. Nyanya yangu alikuwa na msemo kuhusu nguo hiyo lakini hapa kuna wazee, naumeza.

Bi Sandarusi, swali la kweli: si kaniki ilikuwa hiyo hiyo merikani iliyotiwa nili?

Bi_Sandarusi

Nyingi zilikuwa hivyo, nyingine zilitoka India zikiwa tayari nyeusi. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokata pamba ya kusini, merikani ikapotea sokoni, nguo za Bombay na Uingereza zikajaza nafasi. Ndiyo maana nasema vita vile tunavyovisoma kama habari za watu wengine viligusa hadi duka la Muhindi wa Bagamoyo. Mzee akitaka Gettysburg, aifikie kwa mlango huo.

FundiCherehani_Lowell

Nimeona jina la mji wangu linanukia nikaamka. Mimi ni wa Morogoro, ninaishi Lowell mwaka wa tisa sasa.

Mleta mada, anzia hapa, usianzie Salem. Mji mzima ulijengwa kwa ajili ya pamba: mifereji ya maili karibu sita inayochota maji ya mto Merrimack kuzungusha mitambo, na viwanda vya matofali mekundu kama magereza. Nenda Boott Cotton Mills, kampuni iliyoanza 1835, sasa ni makumbusho chini ya idara ya hifadhi za taifa. Ghorofa ya chini kuna chumba chenye mitambo ya kufumia 88. Wanawasha michache tu, na sakafu inatetemeka mpaka kwenye meno. Watakupa vijiziba vya masikio, msivikatae. Wafanyakazi wa mwanzo walikuwa wasichana wa mashambani, na waligoma 1834 na tena 1836 wakati mishahara ilipopunguzwa na gharama za mabweni kupanda. Mzee goti halitamsumbua, lifti ipo na viti vipo.

Jambo moja ambalo watu wa hapa hawakutaka kulisema kwa muda mrefu: kitambaa kigumu cha bei rahisi walikuwa wanakiuza tena kusini, kuwavisha watumwa walewale waliochuma pamba. Huko kusini kikaitwa "Lowell" tu. Yaani sisi tumekipa jina la nchi, wenzetu wakakipa jina la mji. Mwaka 1848 Charles Sumner, mtu wa Massachusetts hii hii, aliwasema hadharani wenye viwanda na wenye mashamba kwamba wamefunga ndoa isiyo takatifu, mabwana wa mtambo na mabwana wa kiboko. Hawakumpenda kwa hilo.

Alasiri yake shuka Concord, nusu saa kwa gari. Daraja la Kaskazini, 19 Aprili 1775, ndipo wakulima walipowarudisha nyuma askari wa mfalme wa Uingereza. Matembezi mafupi, pazuri. Lexington ni kiwanja cha majani tu, walifia hapo wenzao wanane siku ileile, dakika ishirini zinatosha.

DerevaWaUsiku

Haya, nimeshindwa kwa hoja. Basi angalau nitoe ya barabarani, kwa sababu najua mleta mada anaendesha New Jersey na anadhani Boston ni sawa.

Boston usiingie na gari. Acha gari hotelini nje ya mji, panda treni. Njia zake zilichorwa na ng'ombe, halafu zikawekewa lami. Ukilazimika, Massachusetts wana vipilefti vikubwa kila mahali, na mzunguko ni kinyume na wa nyumbani, ingia kulia. Mzee akitaka kushika usukani hata kwenye maegesho, mkatalie kwa adabu. Miaka hamsini ya kukaa kushoto haifutiki kwa wiki.

Tozo za barabara za Massachusetts hazina kibanda tena, kamera inasoma namba. Gari la kukodi maana yake kampuni inalipa halafu inakudai na ada ya kila siku juu. Mimi nilishakatwa na kampuni moja pesa ya tozo kubwa kuliko tozo yenyewe. Chukua E-ZPass yako ya nyumbani (kile kifaa cha kulipia tozo), sajili namba ya gari la kukodi kwa siku hizo, ifute ukirudisha.

Basi la shule likiwasha taa nyekundu simama, hata kama liko upande wa pili. Polisi akikusimamisha, baki ndani, mikono kwenye usukani. Mwambie na mzee mapema, kwa sababu kwetu mtu mzima hushuka kwenda kumsalimia askari. Hapa usishuke.

Na usinunue pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa kwa safari hii. Salem, Concord, New Bedford na Boston kuingia maeneo ya hifadhi ni bure, Lowell unalipa kidogo kwenye makumbusho. Pasi ni ya watu wa Yellowstone.

MamaSwabra

Nimecheka hapo pa kumsalimia askari. Baba mkwe wangu alishuka, Ohio, na kanzu yake. Alhamdulillahi askari alikuwa mtu mzima naye.

Nauliza: Salem si ndiyo mji wa wachawi? Mzee atakubali?

Bi_Sandarusi

Ndiyo huo. Mwaka 1692 walinyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi, na mmoja mzee, Giles Corey, walimkandamiza kwa mawe mpaka akafa kwa sababu alikataa kujibu mashitaka. Sasa mji unakula kwa jina hilo, kofia zilizochongoka kila duka. Oktoba usikanyage, watu ni kama siku ya Mwaka Kogwa, na maegesho hupati. Septemba mwanzoni, katikati ya wiki, fika saa tatu asubuhi. Kumbukumbu ya waliouawa, ile ya 1992, ni mabenchi ya mawe yenye majina, pametulia, mzee atakaa hapo.

Halafu wageni wape mgongo, shuka bandarini. Gati ya Derby ni ndefu, karibu nusu maili kuingia baharini, kwa hiyo goti liamue mwenyewe. Nyumba ya forodha ya 1819 iko mbele yake. Makumbusho ya Peabody Essex yalianzia kwenye chama cha manahodha cha 1799, na sharti la kuwa mwanachama lilikuwa uwe umeizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Pembe. Ukumbi wao wa 1825 bado upo ndani ya jengo. Mwambie mzee akae pale chini ya ule ukumbi: watu waliokula karamu humo walijua Unguja kuliko walivyojua Ohio.

Kiwanda cha Naumkeag kilichofumia hapohapo Salem kilianza kazi 1847. Kiliungua kwenye moto mkubwa wa 1914 kikajengwa upya. Leo ni maofisi. Kitazame kwa nje mkipita.

Maniema_Portland

Bandugu, salamu kutoka Maine. Mimi ni Mkongo, nyumbani ni Kasongo. Nimesoma yote kimya, sasa niseme.

Muko munasema pembe ya Unguja. Unguja haina tembo. Pembe ile ilitoka kwetu Maniema. Tippu Tip aliweka makao Kasongo, na babu zetu ndio waliibeba hadi pwani, wengine kwa malipo, wengine kwa minyororo. Kiswahili ninachoandika hapa kilifika kwetu kwa njia hiyo hiyo, pamoja na doti za merikani. Kwetu wazee walihesabu hivyo: mkono, shuka ni mikono minne, doti ni shuka mbili, jora ndiyo lote.

Kwa hiyo usimalizie Salem. Teremka Connecticut, bonde la mto Connecticut, vijiji viwili vinaitwa Deep River na Ivoryton. Hicho cha pili jina lake maana yake ni Mji wa Pembe, hawakujificha. Kampuni ya Pratt, Read pale Deep River na Comstock, Cheney pale Ivoryton walikata pembe kuwa vipande vyembamba vya funguo za piano, wakavianika kwenye mabanda ya vioo mpaka jua livifanye vyeupe. Nilikwenda mwaka juzi. Vijiji vizuri, kimya, miti mikubwa. Nilikaa ndani ya gari kama robo saa kabla ya kushuka.

Kibuyu_cha_Likoni

Maniema hapo umenipiga.

Bi_Sandarusi

Na kuna hili. George Read, mmoja wa waanzilishi wa biashara ya pembe pale Deep River, alikuwa mpinga utumwa wa vitendo. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alimpokea kijana aliyetoroka utumwa kusini, Daniel Fisher, aliyebadili jina akajiita William Winters, na akaishi pale mpaka uzeeni. Mtu mmoja, nyumba moja: mlango wa mbele anaingia mtoro anapewa hifadhi, mlango wa nyuma inashushwa pembe iliyobebwa na watumwa wa upande wa pili wa dunia. Mimi nimelisomesha hilo darasani, wanafunzi wanataka niwaambie alikuwa mwema au mnafiki. Siwaambii.

DerevaWaUsiku

Na Plymouth, kwenye lile jiwe la walowezi wa Kiingereza wa 1620, wale waitwao mahujaji?

FundiCherehani_Lowell

Jiwe ni dogo kama gunia la mkaa, limezungushiwa nguzo kama kaburi la shehe. Ruka. Badala yake New Bedford, mji wa wavua nyangumi. Meli zao nazo zilikuwa zinatia nanga Unguja kuchukua maji na chakula. Frederick Douglass, mpinga utumwa mashuhuri, alifika hapo Septemba 1838 akiwa mtoro, ndipo alipochukua hilo jina la Douglass, akafanya kazi za gatini. Nyumba ya Nathan na Polly Johnson waliompokea bado imesimama.

Boston mkiingia kwa treni, fanyeni mawili tu. Nyumba ya Mikutano ya Waafrika ya 1806, Beacon Hill, kilima kikali ila teksi inafika mlangoni. Halafu meli ya USS Constitution kule Charlestown. Usimwambie mzee kitu mpaka afike: meli ile ilitia nanga Unguja kwenye safari yake ya kuizunguka dunia ya 1844 hadi 1846. Bado inaelea.

MamaSwabra

Nimeingia kwenye uzi kuuliza wachawi, naondoka na digrii.

New York je? Mimi nakumbuka shuleni kuna meli ya Sayyid Said ilifika New York.

Bi_Sandarusi

*Sultana*. Ilifika 30 Aprili 1840, na mjumbe wake Ahmad bin Na'aman, mmoja wa wajumbe wa mwanzo wa nchi za Kiarabu kufika Marekani. Walimpokea kifalme, meli wakaikarabati kwenye karakana ya jeshi la majini Brooklyn kwa gharama ya serikali. Zawadi alizoletewa Rais Van Buren zilijumuisha farasi wawili, lakini Katiba yao haimruhusu rais kujichukulia zawadi za wafalme, farasi wakauzwa.

Mzee mpitishe New Haven mkirudi, kwenye sanamu ya Amistad, ile meli ambayo Waafrika waliotekwa waliasi ndani yake, mbele ya ukumbi wa jiji. Wakati watu wa New York wanamiminika gatini kumtazama Ahmad bin Na'aman, Wamende waliokamatwa kwenye Amistad walikuwa bado wanashikiliwa Connecticut, wakisubiri mahakama iamue kama ni watu au ni mali. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ulitoka Machi 1841.

Manhattan nendeni kwa treni siku nyingine. Tangu Januari 2025 gari likiingia chini ya mtaa wa 60 mchana unalipa dola 9, na maegesho usiniulize. Nendeni makaburi ya Waafrika yaliyofukuliwa 1991 wakati wanachimba msingi wa jengo la serikali.

Mwembetanga_NJ (mleta mada)

MREJESHO. Samahani kwa kuchelewa, mzee ameondoka Jumapili.

Tuliifanya hivi: siku ya kwanza New Jersey hadi Lowell, saa tano pamoja na kituo cha sala na chai. Ya pili Boott na Concord. Ya tatu Salem. Ya nne Boston kwa treni. Ya tano New Bedford, tukalala Mystic. Ya sita Deep River, Ivoryton, New Haven, nyumbani saa nne usiku. Dereva, ulikuwa sahihi kuhusu Boston. Nilijaribu kupita kidogo tu na gari jioni ya siku ya tatu. Sitaki kuongea.

Concord hakuijali. Alisema daraja ni zuri.

Salem alikaa kwenye gati ya Derby zaidi ya saa nzima. Mimi nikadhani goti, kumbe anahesabu mdomoni: msimu wa kaskazi, msimu wa kusi, lini meli ingeondoka hapa ili imkute Jairam na bei nzuri. Akaanza kunisomesha pepo za Bahari ya Hindi mbele ya watu waliovaa kofia za uchawi. Bibi mmoja wa Kimarekani akasimama kusikiliza bila kuelewa neno, mwisho akapiga makofi.

USS Constitution nilificha kama Fundi alivyosema. Nilipomwambia tukiwa juu ya sitaha, alinitazama, akasema, "Hii hapa?" Akarudia mara tatu. Halafu akamuuliza baharia wa zamu, kwa Kiingereza chake cha Chuo cha Nkrumah, kama kumbukumbu za siku za Unguja zimehifadhiwa. Yule kijana alikuwa na adabu, akaandika barua pepe ya mtu wa kumuuliza. Mawasiliano yameshaanza, na mimi ndiye karani.

Deep River jumba la jumuiya yao ya historia hufunguliwa siku chache, tulijua hilo tangu kwenye simu, tukatembea mitaani tu. Maniema, nilimsomea ujumbe wako ndani ya gari, tumeegesha. Hakusema kitu. Alishuka, akaenda akasimama ukingoni mwa mto, akarudi akaniuliza Kasongo ni mwendo wa siku ngapi mpaka Ujiji. Sikujua. Anaomba umjibu, nimekutumia namba yake kwa faragha, na usimwite mkuu, mwite mwalimu.

Sasa la Lowell, nimeliacha mwisho makusudi. Mitambo ilipowashwa alivua vijiziba vya masikio, nikamkataza, hakunisikia, bila shaka. Tukatoka tukaingia dukani kwao. Wanauza vitambaa vya kufutia vyombo. Akachukua kimoja, akakikunjua juu ya kaunta, akaweka kiwiko kwenye pindo na kukinyoosha mpaka ncha ya kidole. Mkono mmoja na kitu. Akageuza kibandiko cha bei, akamtazama muuzaji.

"Mwambie," akaniambia, "kwa pesa hii Ujiji wangenipa doti nzima."

Nikatafsiri nilivyoweza. Tulinunua viwili.

DerevaWaUsiku

Na E-ZPass uliifuta?

Mwembetanga_NJ (mleta mada)

Astaghfirullah.